Bega la mnyanyua vyuma: linauma, limekaza au limelegea?

Nikipiga benchi (kulala chali na kusukuma chuma juu) bega linauma. Nitajuaje shida iko wapi?

Tazama mahali. Kama ni juu kabisa, mtulinga unapokutana na mfupa wa bega, na linachoma ukivusha mkono kifuani kushika bega la pili, shughulika na kiungo hicho kidogo. Kwa waliosukuma uzito mkubwa miaka mingi, hata ncha ya mtulinga huweza kuanza kulika. Maumivu ya ubavuni mwa bega, yanayokuamsha usiku ukililalia, mara nyingi hutoka kwenye kano za misuli minne inayolizunguka. Yakiwa nyuma, hasa wakati wa kusukuma, fikiria ukingo wa gegedu unaozunguka kikombe cha kiungo, upande huo.

Bega la kushoto likiuma pamoja na kifua kubana, jasho au pumzi kukatika, usihangaike na bega. Nenda hospitali sasa hivi, huenda ni moyo.

Kulegea kunatambulikaje?

Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, na kikombe kinachokipokea kina kina kidogo. Kinachokishika ni ukingo wa gegedu, kano na misuli. Wengine hulegea baada ya bega kuteguka mara moja, wengine kano hunyooka kidogo kidogo bila wao kujua ni lini. Ukiinua mkono mkao wa kurusha jiwe unahisi bega linataka kutoka, au mkono unakufa ganzi na nguvu zinakatika. Mlio mtupu usio na maumivu si wa kukunyima usingizi.

Langu limekaza, na nikilinyoosha napata nafuu. Niendelee?

Hapa ndipo wengi wanapoliharibu. Mara nyingine misuli hukaza ili kulinda kiungo kisichotulia. Ukiinyoosha unapata nafuu ya saa moja, kisha kesho unaanza upya na kano zimelegea zaidi. Kama kidole gumba chako kinakunjika hadi kugusa mkono kati ya kiganja na kiwiko, au bega limewahi kuteguka, acha kuning'inia na kuvuta mikono nyuma mlangoni mpaka upimwe.

Lazima nipige MRI (picha ya sumaku)?

Si mwanzoni. Daktari au mtaalamu wa fiziotherapia atakulaza chali, mkono umenyanyuliwa pembeni usawa wa bega, kiwiko nyuzi 90, auzungushe nje taratibu. Ukishtuka kwa hofu, na hofu hiyo ikaisha akibonyeza bega kutoka mbele kwenda nyuma, ameshajua mengi. Eksirei huonyesha mifupa; MRI huonyesha ukingo uliochanika. Lakini ni ghali, na hata mabega yasiyouma hukutwa na michaniko, kwa hiyo picha bila mtu kulishika bega lako inaweza kukupoteza.

Niache vyuma?

Si vyote. Weka kando kusukuma nyuma ya shingo, dipsi (kujishusha na kujiinua kwa mikono kwenye vyuma viwili) za kushuka sana na benchi ya mikono mipana. Mikono isizidi mara moja na nusu ya upana wa mabega, na taulo nene kifuani izuie chuma sentimita 4 au 5 kabla hakijagusa. Aliyeumia nyuma ya bega ni tofauti: mikono ikikaribiana mno humsumbua, na pushapu pia. Vuta zaidi ya unavyosukuma. Funga mpira wa kuvutika mlangoni, kiwiko ubavuni, zungusha mkono nje marudio 15, siku tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu. Maumivu yasipite 3 kati ya 10, na kesho yake yawe yametulia. Kumeza dawa ya maumivu kama diklofenaki ili uweze kubeba ni kuziba king'ora huku moto unawaka.

Likichomoka jimu, wenzangu walirudishe?

Hapana, hata kama yuko fundi wa kuvuta. Mfupa unaweza kuvunjika na mshipa wa fahamu kuumia. Funga mkono kwa khanga, usile wala kunywa maana huenda ukahitaji dawa ya usingizi, na hospitali wapige eksirei kwanza. Ukiwa na umri wa chini ya miaka 20 hivi, uwezekano wa kuteguka tena ni mkubwa, kwa hiyo uliza kuhusu upasuaji mapema, kabla halijachomoka mara ya pili.