Kwa nini mastaa wa pop wa Urusi waling'ara Eurovision ila Grammy hola?

Ushawahi kujiuliza hii? Urusi ni linchi likubwa, lina mastaa wanaojaza viwanja, lakini usiku wa Grammy ukifika huwasikii. Ukigeukia Eurovision sasa, yale mashindano ya nyimbo ya nchi za Ulaya na baadhi ya majirani zake, jamaa walikuwa moto. Cha kuangalia ni nani anapiga kura.

Grammy wanapiga wanachama wa Recording Academy, chama cha watu wa muziki cha Marekani, watu wa fani wenyewe, na wimbo lazima uwe umetoka rasmi kwenye soko la Marekani. Staa wa Moscow anaimba Kirusi, na Kirusi kinaeleweka toka Minsk mpaka Almaty, shoo anapiga huko huko, hela anakula huko huko, sasa ahangaike na Los Angeles ya nini? Kuna Zedd, kazaliwa Saratov, akabeba Grammy ya dansi 2014, ila kakulia Ujerumani na wimbo wenyewe wa Kiingereza, kumuita pop ya Urusi ni kulazimisha tu.

Eurovision ni habari nyingine. Miaka hiyo ya 2003 na 2008 mtu alikuwa anakaa sebuleni kwake anapiga kura kwa simu, na nchi yako huruhusiwi kuipigia, kwa hiyo majirani ndo mtaji. 2008 kule Belgrade Dima Bilan alishinda na Believe, akapewa pointi 12, zile za juu kabisa, na nchi saba: Ukraine, Belarus, Armenia, Estonia, Latvia, Lithuania na Israel (na Israel wanaoongea Kirusi wamejaa kweli kweli). Ila msiseme ni ujirani tu jamani. Jamaa aliimba Kiingereza, wimbo kauandika na prodyuza Mmarekani Jim Beanz, akamleta Plushenko bingwa wa Olimpiki wa kuteleza kwenye barafu ateleze kwenye kibarafu kidogo pale pale stejini, pembeni Edvin Marton anakwangua fidla. Hapo hata mimi ningepiga simu.

Halafu hata kuhit Ulaya nzima hakukupi kombe. Wale wadada wawili wa Urusi, t.A.T.u., walikaa namba moja Uingereza mwanzoni mwa 2003 na All the Things She Said, toleo la Kiingereza kalisimamia prodyuza Mwingereza Trevor Horn, mwezi wa tano wakaenda Eurovision pale Riga wakaimba Kirusi, wakaishia wa tatu na pointi 164, Uturuki iliyoshinda ilikuwa na 167. Pointi tatu tu! TV ya Urusi ikalalamika kwamba Ireland walitumia majaji badala ya kura za simu, lakini matokeo yakabaki vile vile.

MTV Ulaya wao walitenga kabisa tuzo ya msanii bora wa Urusi, Bilan kaibeba zaidi ya mara moja. Ni kama ile ya Afrika aliyochukua Diamond 2015, mnashindana kwanza wa kwenu kwa wenu.

Ila mlango wa Eurovision nao ulifungwa kwa Urusi Februari 2022, siku moja tu baada ya majeshi ya Urusi kuivamia Ukraine, nchi ambayo 2008 ilikuwa imempa Bilan 12 zake.