Kurwa na Doto wa vodevili: Rosie na Jenny Dolly

Kila ninapowapanga wachezaji wawiliwawili, kuna atakayeuliza: tucheze sawasawa au kama mtu na kioo? Kucheza sawasawa, nyote mnanyanyua mguu wa kulia. Kucheza kioo, wewe wa kulia, mwenzako wa kushoto, na mtazamaji anaona umbo moja lililopasuliwa katikati. Hapo ndipo huwasimulia habari za akina Dolly, pacha wachezaji dansi wa vodevili, yaani maonyesho ya jukwaani ya Marekani yenye burudani za kila aina.

Rózsika na Janka Deutsch, ambao jukwaani waliitwa Rosie na Jenny Dolly, walizaliwa Hungaria tarehe 25 Oktoba 1892, na mwaka 1905 wakahamia Marekani. Kufikia 1907 walikuwa wakicheza kwenye kumbi za bia. New York ilikuwa na sheria iliyowazuia watoto wa chini ya miaka 16 kucheza jukwaani, na kulikuwa na jumuiya iliyofuatilia jambo hilo kwa ukali. Basi mabinti wakaelekea magharibi, kwenye mzunguko wa Orpheum, yaani msururu wa kumbi za vodevili ambazo msanii alizizungukia mji kwa mji, mpaka umri ulipotimia. Mwaka 1909 wakaingia mzunguko mwingine, wa Keith, na 1911 wakawa kwenye onyesho la Ziegfeld, mwandaaji mashuhuri wa maonyesho ya New York.

Huo mzunguko ndio chuo chenyewe. Onyesho moja la vodevili lilibeba vipande vinane au tisa hivi: wanasarakasi, mchekeshaji, mwimbaji, mbwa waliofunzwa, wachezaji dansi. Kila kundi lilipewa dakika chache tu, kisha pazia. Kumbi kubwa zilionyesha mara mbili kwa siku. Zile ndogo zilimchosha msanii zaidi ya hapo. Wiki ikiisha, masanduku kwenye treni, mji mwingine. Na kwa kuwa kila mji ulikuwa na watazamaji wapya, hukuhitaji dansi mpya. Ulirudia ileile mwaka mzima, mchana na usiku, hadi mwili ukaacha kuuliza.

Ndiyo maana wanafunzi wangu wakisema, “Mwalimu, wale ni pacha, lazima wapatane,” mimi huwa nabisha. Pacha huzaliwa na sura moja, mpigo hawazaliwi nao. Vodevili ilijaa makundi ya “akina dada” ambao hawakuchangia hata babu, na walipatana vizuri tu. Udugu wa kweli uliwasaidia akina Dolly kwenye bei na kwenye mabango. Hatua zilitokana na treni na marudio.

Wenyewe walijaribu kutengana. Karibu na 1912 kila mmoja akashika njia yake. Rosie akaolewa na mtunzi Jean Schwartz mwaka 1913. Jenny mwaka uliofuata akaolewa na Harry Fox, yule ambaye wengi huhusisha jina lake na dansi ya foxtroti. Lakini soko lilitaka jozi. Wakarudiana, na 1918 wakacheza filamu pamoja.

Miaka ya 1920 waliivuna Ulaya: London, Paris, na meza za kamari za Deauville na Cannes, miji ya pwani ya Ufaransa. Harry Gordon Selfridge, mwenye duka kubwa la London, alimmwagia Jenny fedha bila kuhesabu. Magazeti yalipenda sana sehemu hii. Mimi inanichosha, kwa sababu mwisho wa muongo huo dansi yenyewe ilikuwa imekwisha.

Mwaka 1933 Jenny alipata ajali mbaya ya gari karibu na Bordeaux, Ufaransa. Akapasuliwa mara nyingi, akauza vito vyake kulipia matibabu. Hakupona moyoni, alijiua mwaka 1941. Rosie aliishi hadi 1970.

Mwaka 1945 Hollywood ilitengeneza filamu kuhusu maisha yao. Akina Dolly walikuwa na nywele nyeusi. Filamu iliwapa nafasi Betty Grable na June Haver, wote wawili wenye nywele za dhahabu, na wala si ndugu. Wanacheza kwa kupatana kabisa.