"Bahari haina mwenyewe", na mengine tunayodanganyana ufukweni

Upepo wa kusi ukishashika, kwenye mwezi wa Juni hivi, anga ya Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, hujaa kaiti, yaani tiara kubwa za kitambaa zinazomvuta mtu juu ya maji akiwa amesimama kwenye ubao, mpaka watoto wanachoka kuzihesabu. Mimi ni mmoja wa wanaozirusha. Maneno yafuatayo nayasikia kila msimu, na mawili matatu nimewahi kuyasema kwa kinywa changu.

"Bahari haina mwenyewe."

Inao, tena kwa zamu. Maji yakipwa, pale penye kina cha kiunoni ambapo kila mwanafunzi wa kaiti anapapenda, ndipo kinamama walipopigilia vigingi vyao vya mwani. Kilimo hicho kimekuwapo hapa tangu 1989, na kila mmoja anajua kamba yake inaanzia wapi na kuishia wapi. Kaiti ikiangukia humo, kamba zikanasa, unang'oa mwani wa wiki sita kwa dakika moja. Maji yakijaa, vigingi vinafunikwa na waogeleaji wanaingia. Siku za bamvua mchanga unabaki kijisehemu chembamba, na sote tunabanana hapo: mgeni, mtoto wa kijiji, na sisi wenye vitambaa vya mita kumi za mraba.

"Mimi mzoefu, simgongi mtu."

Hapa ndipo tunapojidanganya zaidi, kwa sababu tunaufikiria ubao. Ubao ni hatari ndogo. Kaiti yangu iko mbele yangu kwa kamba za mita 24, nyembamba kama za kuvulia, na zikikazwa zinakata ngozi. Nikienda kilomita 30 kwa saa, mwendo wa kawaida tu, mita hizo 24 nazimaliza kwa sekunde tatu. Na kichwa cha mwogeleaji katikati ya mawimbi ya kusi hukitofautishi na dafu linaloelea.

Halafu kuna jambo ambalo nahodha yeyote wa ngalawa analijua na wengi wetu tunalisahau: kinachoponyoka huenda demani, chini ya upepo. Hakirudi joshini, upepo unakotoka, hata siku moja. Wakati wa kusi, demani ya Paje ni upande wa Bwejuu, kijiji cha kaskazini yetu. Waogeleaji wakiwa upande wa Jambiani, kusini, kosa langu linakwenda mbali nao. Wakiwa upande wa Bwejuu, upepo ukipiga kwa ghafla au kamba ikikatika, kaiti, kamba na mimi mwenyewe tunawaendea wao. Desemba kaskazi inapoingia, hesabu yote inageuka. Kwa hiyo yule anayekwambia "mimi huwa napita hapa miaka yote" amekueleza nusu ya habari. Muulize miezi gani.

Walimu wengi hufundisha kuacha nafasi ya angalau urefu wa kamba mbili, yaani karibu mita 50, kwa kitu chochote kilicho demani kwako. Uzoefu haupunguzi urefu wa kamba.

"Mwogeleaji ananiona, atapisha."

Apishe kwa miguu gani? Sisi kwa sisi tuna taratibu: anayeingia majini hupishwa na anayerudi, aliyetanguliza mkono wa kulia ana haki ya njia. Mwogeleaji hayumo kwenye hesabu hiyo. Yeye hupishwa tu.

"Hakuna boya, hakuna eneo la kuogelea."

Hii nimeisikia hasa kwa wageni, na inachekesha, kwa sababu kwao sheria ni kali kuliko kwetu. Hispania, ufukwe usiowekewa maboya, mita 200 za mwanzo ni za waogeleaji. Ufaransa ukanda wa mita 300 una kikomo cha mwendo cha kilomita 9 hivi kwa saa, na penye kaiti nyingi huwekwa njia maalumu ya kuingilia na kutokea. Mtu aliyezoea hayo kwao akifika Paje anajifanya hajawahi kusikia.

"Kosa langu, adhabu yangu."

Laiti. Huko huko Ufaransa, meya wa mji ndiye mwenye mamlaka juu ya michezo inayoanzia ufukweni ndani ya zile mita 300. Malalamiko yakimfikia, hana muda wa kuuliza kaiti ya kijani ilikuwa ya nani. Anaweza kutia saini karatasi moja na ufukwe ukafungwa kwa kaiti zote msimu mzima. Hata pasipo na meya ndivyo watu wanavyosema: "hawa wa kaiti". Mvuvi, mwenye hoteli, sheha, wote hawajui jina lako. Mpumbavu mmoja akikata mbele ya watoto Jumapili, Jumatatu kijana wa hapa anayeishi kwa kufundisha ndiye anayeulizwa.

"Nikishatoka majini, hatari imekwisha."

Maji yakipwa, mchanga wa Paje unakuwa barabara. Baiskeli zinapita, pikipiki zinapita, na wewe umelaza kamba za mita 24 katikati ukaenda kunywa soda. Mimi nilikuwa hivyo hivyo. Siku moja bibi mmoja alikuwa anarudi kutoka shambani na gunia la mwani mbichi kichwani, shingo imenyooka, miguu yake haioni. Kamba ikamshika kifundo. Hakuanguka. Alilitua gunia taratibu, akasimama mikono kiunoni, akanitazama nikikunja kamba zote kwenye mpini wa kuongozea kaiti mpaka ya mwisho, bila neno. Nilipomaliza akasema, "Haya baba, nitwike."