Puli ya mlimani Chiang Mai, na kwa nini fundi mzima nilishindwa kuingia majini

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nimesimama ukingoni mwa puli ya kuogelea, bukta mwilini taulo begani, mbele yangu bonde lote la Mae Rim, nje ya mji wa Chiang Mai huko Thailand, limefunikwa na ukungu mweupe kama tui la kwanza, maji yametulia tuli, yaani ndo ile picha yenyewe tuliyoiona mtandaoni tukalipia. Nikatia mguu. Nikautoa. Mama Nasra yuko barazani na kikombe chake cha chai kajifunika blanketi ananitazama tu, mwisho akasema, "Baba Nasra, si wewe fundi wa puli? Ingia basi." Nikaenda kuchukua kipimajoto begini (ndiyo nasafiri nacho, mcheke tu) nikakitumbukiza. Nyuzi 19.

Puli ninazozihudumia mie Paje na Jambiani, Zanzibar, zinakaa nyuzi 26 mpaka 30 bila hita yoyote, jua la kwetu linafanya kazi hiyo bure. Nyuzi 19 ni maji ya kukutoa roho. Watu wa Lushoto na Njombe mtanielewa, yale maji ya ndoo ya asubuhi mwezi wa saba.

Na aibu yenyewe ni kwamba nilitakiwa kujua. Nilivyokuwa natafuta vila niliangalia mandhari, nikaangalia kitanda, nikaangalia umbali wa kutoka mjini, maji yenyewe sikuuliza hata neno moja, mimi ambaye nakula kwa maji. Kwa hiyo leo nawaandikia yale ambayo ningemwambia mteja wangu kama angeniuliza kabla hajalipa, sababu naona wengi siku hizi mnaenda Thailand na kila mtu anataka vila yenye puli yake peke yake milimani.

Tuanze na baridi. Mji wa Chiang Mai uko kama mita 310 kutoka usawa wa bahari, ila vila nyingi hazipo mjini, zipo juu kule Mae Rim, barabara ya 1096 inayozunguka kwenda Samoeng, nyingine zinapanda mpaka karibu na Mon Jam ambako ni zaidi ya mita 1,200. Kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6 hivi, na kuanzia Novemba mpaka mwanzo wa Februari ndo msimu wao wa baridi, mjini kwenyewe usiku wa Desemba unaweza kufika 15, sasa huko juu fikiria mwenyewe. Mchana jua zuri unavaa fulana. Usiku mbingu safi haina wingu na joto lote linapaa.

Ila hewa ya baridi siyo mwizi mkubwa. Mwizi mkubwa ni mvuke. Maji yakigeuka mvuke yanaondoka na joto jingi sana, na nitakupigia hesabu uone. Puli yetu ilikuwa mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.4, hiyo ni lita karibu 45,000, yaani tani 45 za maji zimekaa kwenye kibega cha mlima. Sentimita moja tu ya maji ikiondoka kwa mvuke, ni lita 320, na zinaondoka na joto la kutosha kuishusha puli nzima kama nyuzi 4. Usiku mmoja nusu sentimita kupotea ni kitu cha kawaida, basi hapo nyuzi 2 zimekwenda, ukiamka unaona ule moshi mzuri juu ya maji unapiga picha unaposti, kumbe unapiga picha joto lako linavyoondoka.

Sasa ongeza na ile staili ya infiniti, ile ambayo ukingo hauonekani na maji kama yanamwagikia bondeni. Hayamwagikii popote. Ukuta wa mbele unajengwa chini kidogo kuliko kuta nyingine, maji yanapita juu yake kama karatasi nyembamba, yanaanguka kwenye mfereji, yanaingia tanki la chini, pampu inayarudisha. Siri yote ya ile picha ni pampu. Ikizimwa maji yanashuka kidogo tu chini ya mdomo wa ukuta na unaanza kuona ukingo wa vigae, uchawi umekwisha, inabaki puli ya kawaida. Na pampu ikiwaka, yale maji yanayoteremka ukutani yanapoa njiani, maana umeyatandaza membamba kwenye upepo wa mlimani, ni sawasawa na mtu anayepooza chai kwa kuimimina kutoka kikombe hiki kwenda kile. Ndo maana kwenye vila yenye baridi mie ningependelea ovafloo, yaani huko kumwagika kwa maji ukingoni, iwake mchana tu wakati wa jua na usiku izimwe, na kama una usingizi mwepesi utanishukuru pia sababu chumba cha pampu mara nyingi kiko chini ya chumba chako cha kulala, ardhi ya mlimani ni finyu hawana pa kukiweka kwingine.

Haya, hita. Vila nyingi kwenye tangazo wanaandika puli ina joto, na yetu kweli ilikuwa nayo, ile mashine inayofanana na boksi la nje la kiyoyozi, inavuta joto kwenye hewa inalitia kwenye maji. Mashine nzuri sana, uniti moja ya umeme inakupa kama uniti nne za joto. Tatizo hakuna aliyeiwasha. Nikamuuliza msimamizi, akasema kwa upole kabisa, hamkuomba. Kweli hatukuomba.

Hesabu tena, nivumilieni, hapa ndo penye faida. Kupandisha lita 45,000 kwa nyuzi moja unahitaji kama uniti 52 za joto. Kutoka 19 kwenda 27 ni nyuzi 8, zidisha, unapata kama 418. Mashine kwa ufanisi wake itakula umeme wa uniti kama 105, na umeme wa kule nje ya Bangkok ulikuwa unacheza baht (hela ya Thailand) 4 na kitu kwa uniti, kwa hiyo unazungumzia baht 440 hivi, bei ya chakula cha watu wawili. Hela siyo shida kabisa. Shida ni muda. Mashine ya kilowati 12 za joto inahitaji saa 35 kuifanya hiyo kazi kama hakuna hata tone la joto linalopotea, na nishakwambia usiku linapotea vipi. Yetu iliwashwa asubuhi hiyo nilipouliza. Tulilala siku tatu. Maji yalifika 27 asubuhi ya kuondoka, mabegi yapo mlangoni, dereva anapiga honi.

Kwa hiyo ukiandikiana na mwenye vila usimuulize tu kama puli ina hita. Muulize hita ni ya kilowati ngapi, itawashwa lini, na mwambie iwashwe siku mbili kabla hujafika hata kama itabidi uongeze hela. Muulize pia wana kifuniko cha usiku. Kile kiplastiki cha mapovu kinazuia mvuke kuliko kitu chochote, ila kwenye infiniti wengi hawaweki kwa sababu kinaharibu picha na ukingo wake unasumbua kufunika. Na omba wakutumie picha ya kipimajoto ndani ya maji, siyo picha ya machweo. Anayejua kazi yake atakutumia dakika hiyohiyo.

Kitu kingine wanachotangaza sana ni puli ya chumvi, eti haina klorini. Jamani. Puli ya chumvi ni puli ya klorini. Kuna seli ndani ya bomba inapitisha umeme kwenye maji ya chumvi inatengeneza klorini hapohapo, tofauti ni kwamba hakuna mtu anayebeba ndoo ya unga wa klorini. Chumvi yenyewe ni kidogo, gramu 3 mpaka 4 kwa lita, bahari ina 35, kwa hiyo ukionja unaihisi kwa mbali kama machozi. Ngozi inapenda, macho yanapenda, sikatai. Ila maji yakipoa sana ile seli inazalisha kidogo, na mashine nyingi zinajizima zenyewe, ndo maana puli ya mlimani msimu wa baridi inabidi fundi aje aiangalie kwa mkono. Na ukinusa harufu kali ya klorini usifikirie maji ni masafi mno, mara nyingi ni kinyume, ni klorini iliyokwisha kupambana na jasho na mikojo ikachoka.

Tukifika kwa fundi sasa. Neno "binafsi" kwenye vila lina mtu mmoja anayelivunja kila siku, na mtu huyo Zanzibar ni mimi. Saa moja asubuhi kaingia kijana na wavu mrefu na ndoo, kapita kwenye bustani kimya kimya, kama ninavyopitaga mie kwenye nyumba za watu nikijifanya sioni chupi zilizoanikwa kwenye viti. Mama Nasra akakimbilia ndani. Mie nikabaki, nikamsalimia sawasdee khrap, akacheka jinsi ninavyolitamka. Ni Mtai Yai, asili yake jimbo la Shan upande wa Myanmar, kule Chiang Mai wapo wengi sana kwenye ujenzi na bustani. Kiingereza hana, Kithai mie sina, simu inatafsiri vibaya, lakini nilipotoa vichupa vyangu vya kupimia maji akakaa chini pale pale. Tukadondosha matone, rangi ikaja pinki iliyokolea, pH 7.8, yaani maji yamepungukiwa asidi. Akatikisa kichwa, akanyoosha kidole kwenye ule ukingo wa maji yanayoanguka, akaonyesha chupa ya asidi kisha akashika pua. Nikamuelewa neno kwa neno bila neno: seli ya chumvi inapandisha pH, na maji yakianguka yanapigwa hewa yanapandisha tena, kwa hiyo kila siku inabidi atie asidi kuishusha. Hata sisi hivyohivyo bwana. Tulikaa nusu saa nzima.

Nilimuomba anionyeshe ukuta wa chini, ule unaoshikilia puli, maana tani 45 siyo mchezo na mvua zao kuanzia Mei mpaka Oktoba zinanyesha kwelikweli, Oktoba 2024 mto Ping ulifurika mpaka mjini. Ukuta mzuri una vitundu vya kutolea maji ya udongoni, na wakati wa mvua vinatakiwa viwe vinadondosha. Kama ukuta umepasuka kwa mshazari au vigae upande wa bondeni vimetengana, mie silali hapo, nishasema. Hiki ndo kitu mgeni anaweza kukagua mwenyewe kwa dakika mbili. Kwa wenye watoto kuna jambo zaidi: karibu vila zote hizi hazina uzio kwenye puli, mlango wa chumba unafunguka moja kwa moja majini, na upande wa infiniti nyuma ya ukuta ni shimo. Nasra tulimuacha kwa bibi yake, na nilivyoona pale nilishukuru.

Msimu, kwa ufupi. Desemba na Januari pazuri ila baridi ndo hiyo. Kuanzia Februari mpaka Aprili wanachoma mashamba na misitu inaungua, moshi unajaa bondeni, Machi kuna siku Chiang Mai inaongoza orodha ya miji yenye hewa chafu duniani, mlima huuoni na majivu yanaanguka kwenye puli yanaziba filta. Usilipe vila ya mandhari mwezi wa Machi. Mie ningerudi Novemba mwanzoni, mvua imekwisha, kila kitu kijani na maji bado yana joto la mwaka.

Mengine ya haraka haraka. Sisi Watanzania viza ni lazima, unaomba mtandaoni, na kadi ya homa ya manjano usiisahau, na tangu Mei 2025 unajaza fomu ya kuingia nchini kwenye mtandao kabla hujafika. Mwenye vila anatakiwa kukuripoti uhamiaji ndani ya saa 24, na kukodisha chini ya siku 30 kunahesabika kama biashara ya hoteli, kwa hiyo muulize kibali chake bila aibu. Wanaendesha kushoto kama kwetu, lakini 1096 ina kona za kutapisha, na gari la kukupandisha kwa Grab (ile programu ya simu ya kuita teksi) utapata, la kukushusha usiku sahau, panga na dereva mapema. Kula mjini kwanza. Khao soi ni tambi kwenye mchuzi wa kuku wa nazi na bizari, ukifumba macho uko Darajani, na za halali zipo karibu na msikiti wa Ban Haw wa Waislamu wenye asili ya Yunnan, China, Ijumaa asubuhi kuna soko pale usilikose.

Yule kijana nilimuachia kipimajoto changu. Tumeunganishwa LINE, programu ya ujumbe wa simu, hatuwezi kuongea, kwa hiyo kila asubuhi ananitumia picha ya maji na mie namtumia ya Paje. Leo kaniletea 17, nikamrudishia 29, akanijibu na kikatuni kinacholia.