Jeli Zinazoshika Maji: kutoka Nepi hadi Kidonda na Udongo

Ukichana nepi ya kutupa utakuta chembe nyeupe, kavu kabisa. Zitie maji safi: zinavimba palepale na kuwa jeli, na gramu moja yaweza kushika mamia ya gramu za maji. Hiyo ni polima, yaani kemikali ya molekuli ndefu kama minyororo, iitwayo sodiamu poliakrileti. Minyororo yake mirefu imefungamana kama wavu, na maji hujaa kwenye matundu. Ukitumia maji ya chumvi, zitavimba kidogo tu, na ndiyo maana nepi hunyonya mkojo, wenye chumvi, kidogo kuliko maji safi.

Sisi tunaobuni vitu laini vya aina hii, hangaiko letu kubwa ni vifungo vya huo wavu, yaani pale minyororo inaposhikana. Vikizidi, jeli inakakamaa na kunyonya kidogo. Vikipungua, inavimba sana lakini hupasuka upesi. Mwaka 1960, wanakemia Otto Wichterle na Drahoslav Lím wa Chekoslovakia walieleza jeli inayofaa kukaa mwilini, na kazi hiyo ndiyo iliyozaa lenzi laini za kuvaa machoni.

Tena si idadi tu, hata aina ya kifungo ina uzito wake. Alginati, inayotolewa kwenye mwani wa kahawia, hushikanishwa na kalsiamu. Bandeji ya nyuzi zake ikiwekwa juu ya kidonda chenye majimaji mengi, sodiamu ya majimaji hayo inachukua nafasi ya kalsiamu. Nyuzi zinalegea, zinageuka jeli. Kidonda hubaki na unyevu, na bandeji ikibadilishwa haing'oi ngozi changa. (Kwa kidonda kikavu haifai, maana hakuna cha kuilainisha.) Wengi bado huamini kidonda hupona kikikaushwa, ilhali mtafiti George Winter alionyesha mwaka 1962, kwa nguruwe, kwamba kidonda chenye unyevu huota ngozi haraka zaidi.

Kwenye mazingira, kitosani ya maganda ya kamba na kaa hunasa metali kama shaba na risasi zilizomo katika maji machafu. Poliakrileti nayo huchanganywa na udongo ili ushike maji, na hapo ndipo ninapopata wasiwasi: uti wa minyororo yake ni kaboni tupu, na vijidudu huuvunja polepole mno. Anayebuni jeli ya shambani bila kuamua itaozaje, kwangu mimi hajamaliza kubuni. Jeli za selulosi (nyuzi za mimea) au wanga kwa kawaida hunyonya maji kidogo kuliko poliakrileti, lakini vijidudu vya udongo huweza kuzila, na mimi ningechagua hizo.