Damu Ikishatoka Kidoleni, Inakwenda kwa Nani?

Kila timu zetu za watafiti wa afya zinapomaliza utafiti wa kaya katika wilaya fulani hapa Tanzania, malalamiko yanayotufikia hufanana. Mwananchi anaeleza kwamba alitobolewa kidole na watu waliokuja na gari la taasisi moja, akasaini fomu yenye nembo ya taasisi nyingine, akaambiwa sampuli inapelekwa maabara ya tatu, kisha matokeo akayasikia redioni yakitangazwa na Waziri. "Sasa ninyi hasa ni nani?" Ni swali la haki. Ila nyuma yake mara nyingi kuna dhana kwamba wingi wa taasisi ni ujanja, kwamba damu inapitishwa mikono mingi ili mwenyewe asijue ilikoishia. Taasisi ni nyingi kwa sababu sheria haikutaka mtu mmoja ajipe kibali, apime, ajikague na ajitangazie matokeo.

Mgawanyo wenyewe uko hivi. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliundwa kwa Sheria Na. 23 ya 1979, miaka miwili baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na vituo vya utafiti vya Amani na Mwanza vilivyokuwa vya Jumuiya vikaingia chini yake. Inafanya utafiti na kuratibu tafiti za wengine. Sera ya matibabu ni ya Wizara ya Afya. Zahanati na vituo vya afya ambako sera hiyo inatekelezwa viko chini ya halmashauri, yaani TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Dawa na vifaa tiba vinadhibitiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ile iliyojulikana kama TFDA hadi 2019. Kwa upande wa Zanzibar ipo taasisi ya utafiti wa afya, ZAHRI, na kamati yao ya maadili, kwa kuwa afya si suala la Muungano.

Mfano mzuri wa jinsi mikono hii inavyoshikana ni malaria mkoani Kagera. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Malaria, ulio ndani ya Wizara, unahitaji kujua kama dawa mseto bado inatibu. Haufai kujipima wenyewe, maana ndio ulioichagua dawa hiyo. Kazi hiyo hufanywa na watafiti. Wanakaa kituo cha afya, mtoto aliyekutwa na malaria na mzazi wake akaridhia anameza dawa mbele ya muuguzi, halafu anarudi siku ya 1, ya 2, ya 3, ya 7, ya 14, ya 21 na ya 28. Tone moja la damu linawekwa kwenye kioo cha hadubini, jingine kwenye karatasi ya chujio. Mama akiona mtoto anacheza siku ya tatu huuliza kwa nini asumbuliwe tena mpaka siku ya 28. Sababu ni kwamba vimelea vinaweza kujificha na kurudi baadaye, na mtoto akiugua tena siku ya 21 lazima tujue kama ni vimelea vilevile vilivyoishinda dawa au ni mbu mwingine amemng'ata. Jibu hilo hupatikana kwa kulinganisha vinasaba vya vimelea vya siku ya kwanza na vya siku aliyorudi kuumwa. Mama asipomrudisha mtoto, hesabu ya mtoto huyo imepotea.

Kwa njia hiyo ndipo ilipogundulika Kagera, hasa Karagwe, kwamba baadhi ya vimelea vina badiliko la kinasaba liitwalo R561H, ambalo lilikuwa limekwisha kuonekana kwa jirani zetu Rwanda. Vimelea vyenye badiliko hilo huchelewa kuisha mwilini baada ya kumeza dawa. Naomba hapa nieleweke vizuri, kwa sababu nimesikia habari hii ikipotoshwa mpaka kwenye mikutano ya vijiji: dawa mseto bado inaponya, kwa kuwa ndani yake kuna dawa mbili na ya pili inamalizia kazi. Anayesema "mseto umekwisha nguvu", akameza nusu dozi na kumbakizia mdogo wake, huyo ndiye anayevisaidia vimelea kuizoea dawa.

Na uamuzi wa kubadilisha dawa, ukifika wakati wake, hautatoka kwa mtafiti. Utatoka Wizarani. Ndivyo ilivyokuwa klorokwini ilipoachwa mwaka 2001 ikaja dawa iitwayo SP, na SP ilipoachwa mwaka 2006 ikaja mseto. Kigezo cha Shirika la Afya Duniani ni kwamba dawa ikishindwa kutibu zaidi ya asilimia 10 ya wagonjwa, nchi iibadilishe. Asilimia hiyo haiwezi kujulikana pasipo wale watoto wa siku ya 28.

Sasa kibali. Mtafiti, awe wa chuo kikuu, mtumishi wa serikali au mgeni, hupeleka andiko lake kwenye Kamati ya Taifa ya Maadili ya Utafiti wa Afya. Baadhi ya vyuo na taasisi, kama Muhimbili, KCMC na Ifakara, zina kamati zao ambazo huanza kulipitia. Akikubaliwa, hupewa cheti chenye jina la utafiti na la mtafiti mkuu. Cheti hicho kina sahihi mbili: ya mwenyekiti wa kamati ya uratibu wa utafiti wa tiba ya NIMR na ya Mganga Mkuu wa Serikali. Angalia hapo: karatasi moja, taasisi ya utafiti na Wizara kwa pamoja. Muda wake ni mwaka mmoja. Ukiisha, mtafiti anaomba upya, na kuendelea kukusanya sampuli kwa cheti kilichokwisha muda ni sawa na kutokuwa nacho. Kila miezi sita anatakiwa kupeleka taarifa ya maendeleo Wizarani na NIMR. Hachapishi matokeo popote mpaka apate ruhusa ya NIMR, na nakala za alichochapisha anazirudisha NIMR na Wizarani. Anayekiuka masharti hayo ametenda kosa, na akitiwa hatiani hutozwa faini kwa mujibu wa kifungu cha 10(2) cha Sheria ya 1979. Kama utafiti ni wa majaribio ya dawa au chanjo, anahitaji pia kibali cha TMDA. Kama ni raia wa kigeni, anahitaji kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Baada ya hapo ndipo anashuka mkoani, wilayani, hadi kwa mtendaji wa kijiji akiwa na barua ya utambulisho.

Cheti hicho si siri. Mtendaji au mkuu wa kaya ana haki ya kuomba kukiona, na kumbukumbu namba yake huanza na NIMR/HQ/R.8a. Timu isiyoweza kukionyesha isiingie nyumbani kwako.

Kuna hali moja ambayo utaratibu huu haufuatwi, na ndiyo inayochanganya wengi. Mlipuko si utafiti. Virusi vya Marburg, vinavyoleta homa kali inayoweza kuambatana na kutoka damu, vilipothibitishwa Bukoba Vijijini na kutangazwa tarehe 21 Machi 2023, watu zaidi ya 200 waliokuwa karibu na wagonjwa walifuatiliwa kwa siku 21 bila kuulizwa kama wanapenda. Hapo inatumika Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009, na Wizara ndiyo yenye mamlaka. Sampuli zilipimwa katika Maabara ya Taifa ya Afya ya Jamii, Dar es Salaam. Wagonjwa walikuwa 9, mmoja wao akihesabiwa kwa dalili na mazingira bila kupimwa, na 6 walifariki. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 2 Juni, baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya, yaani siku 21 mara mbili. Ugonjwa ulirudi Kagera, safari hii Biharamulo, ukatangazwa tarehe 20 Januari 2025. Wagonjwa wote 10 walifariki, na 8 kati yao hawakuwahi kuthibitishwa maabara. Idadi hiyo hunikaa moyoni, kwa sababu wanane walikwenda kabla sampuli haijachukuliwa.

Watu walishangaa kuona wataalamu wa mifugo na wanyamapori wakishuka huko. Marburg hubebwa na popo wa matunda wanaoishi mapangoni, kwa hiyo daktari wa binadamu peke yake hawezi kufika kwenye chanzo. Ndiyo sababu Dawati la Afya Moja liliwekwa Ofisi ya Waziri Mkuu, ambako wizara hizo hukutana bila mmoja kuwa mgeni wa mwenzake. Sampuli iliyobaki baada ya mlipuko, mtu akitaka kuitumia kwa utafiti, inarudi kwenye kamati ya maadili kama sampuli nyingine yoyote.

Kuhusu damu kuuzwa nje, nitasema kwa kifupi, ingawa ndilo swali linaloulizwa kuliko yote. Hadithi za mumiani tumezirithi kwa wazee wetu, na walikuwa na sababu za kuogopa wakati ule. Leo sampuli haitoki nje ya nchi bila mkataba wa kuhamisha sampuli unaotaja kiasi, kipimo, maabara inayopokea na nini kitafanyika kwa kinachobaki. Fedha unayopewa ni nauli na fidia ya muda wako. Tone la damu kwenye karatasi ya chujio halina mnunuzi.

Taarifa zako nazo zina ulinzi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Mtu anayezitoa kinyume cha sheria anakabiliwa na faini kati ya shilingi 100,000 na milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kwa kampuni, faini hufika shilingi bilioni 5. Sheria hiyo inamhusu pia karani anayesimulia kilabuni nani alikutwa na nini.

Lipo lalamiko moja ambalo sina la kujitetea. Majibu hayarudi ipasavyo. Katika utafiti wa VVU wa 2022–2023 uliosimamiwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, mshiriki alipata majibu yake nyumbani siku ileile, na kipimo cha wingi wa virusi kilipelekwa kituo alichokichagua. Inawezekana, basi. Vipimo vya vinasaba vya vimelea havimpi mtu mmoja mmoja jibu la kumtibu, lakini kijiji kina haki ya kuambiwa kilichoonekana, na mara nyingi ripoti huishia kwa mganga mkuu wa wilaya, ikabaki kabatini. Hilo ni kosa letu watafiti, wala si la mtendaji wa kijiji anayelaumiwa na wananchi wake.

Fomu ya ridhaa hutolewa nakala mbili, na moja ni yako. Ina namba yako ya utafiti na simu za kamati ya maadili. Ukitaka kujitoa, hata baada ya kusaini, piga simu hiyo au nenda kituo cha afya na utaje namba hiyo. Huhitaji kueleza sababu, na matibabu yako hayataguswa. Nakala iliyochanika au kulowa bado inafaa, mradi namba inasomeka.