Asubuhi hawezi, jioni anaruka kamba: dhana potofu na ukweli kuhusu yabisi kwa vijana

Hapa Ujiji goti la mtoto likivimba, wa kwanza kuitwa ni bibi mwenye chupa ya mawese. Binti wa dada yangu alisuguliwa mawese ya moto miezi mitano kabla hajafikishwa hospitali na kupewa rufaa ya Mwanza. Alikuwa na miaka 13. Sasa yuko kidato cha tatu, na maneno yale yale bado yanasemwa juu yake, mengi kwa nia njema, nayo yanamuumiza.

"Baridi yabisi ni ya wazee." Hata mtoto ambaye ndiyo kwanza anajifunza kutembea huipata. Ikianza kabla ya miaka 16, kiungo kikakaa kimevimba wiki 6 au zaidi na sababu nyingine isionekane, hiyo ni yabisi ya utotoni. Maumivu ya magoti ya babu mara nyingi hutokana na gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, kulika kwa miaka mingi. Kwa mtoto, kinga ya mwili ndiyo inayomgeuka na kushambulia utando laini wa ndani ya kiungo. Kwa nini inageuka, sayansi haijapata jibu kamili. Haiambukizi, na hakurogwa. Chale za goti hazimwongezei chochote ila kidonda.

"Ni baridi ya ziwa." Jina lenyewe limetupotosha. Baridi inaweza kumzidishia maumivu aliyekwisha kuugua, lakini haianzishi ugonjwa. Hata penye joto la Dar es Salaam watoto wanaugua. Dada yangu alimkataza binti kuogelea mwaka mzima, kumbe kuogelea ni katika mazoezi yanayomfaa sana, maana maji hubeba uzito wa mwili na viungo hunyooka bila kishindo.

"Anajifanya." Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Saa kumi na mbili asubuhi hukaa ukingoni mwa kitanda, miguu sakafuni, mkono umeshika nguzo ya chandarua, anasubiri magoti yakubali. Vidole havifungi vifungo vya shati. Saa tano anatembea vizuri. Saa kumi jioni utamkuta anaruka kamba na wadogo zake. Anayeona yote mawili husema ni mvivu, anakwepa mchakamchaka na ndoo za maji. Lakini hiyo ndiyo alama yenyewe ya ugonjwa: kiungo chenye uvimbe kikilala usiku kucha bila kutikiswa hukakamaa, kisha hulainika kadiri kinavyotumika. Daktari wa Mwanza aliuliza mapema kabisa, "Akiamka, inamchukua muda gani mpaka alainike?" Nyumbani hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo.

Shuleni alichapwa kwa kuchelewa namba. Tangu hapo akaanza kuficha. Niligundua usiku mmoja nilipolala kwao: saa kumi alfajiri nikasikia nyayo. Alikuwa anazunguka chumbani gizani, taratibu, ukuta hadi ukuta, ili nyumba ikiamka imkute mzima.

Kilichosaidia hakikuwa kikubwa. Beseni la maji ya uvuguvugu la kuloweka mikono kabla ya kuvaa. Mwalimu wa malezi akakubali asikimbie mchakamchaka, badala yake amwagilie bustani mchana. Akahamishiwa dawati la karibu na mlango ili asimame kujinyoosha kila kipindi kikiisha. Na yeye mwenyewe akawaambia marafiki wawili tu, aliowachagua.

Wapo wanaosema apumzike, asicheze kabisa. Misuli isiyotumika husinyaa, na kiungo kikazoea kukaa kimepinda. Uvimbe ukipamba moto tunapunguza kurukaruka. Siku nyingine acheze.

"Damu iko safi, basi haumwi." Watoto wengi wenye yabisi hawana hata ile alama ya damu inayotafutwa kwa watu wazima. Vipimo vinafaa hasa kuondoa mengine, kama selimundu au kifua kikuu cha viungo. Ugonjwa wenyewe hutambuliwa kwa mikono ya daktari na maelezo ya nyumbani. Ila kiungo kimoja kikiwaka ghafla pamoja na homa kali, usingoje kesho; huenda ni usaha ndani ya kiungo.

"Akipata nafuu aache dawa." Yeye anatumia methotreksati, dawa ya kutuliza ile kinga iliyomgeuka, na hapa nawasihi wazazi: kwa yabisi dawa hii humezwa mara moja kwa wiki. Kuimeza kila siku kwa kukosea kunaweza kuua. Sisi tumechagua Ijumaa baada ya chakula cha jioni. Vidonge vya foliki anameza kama daktari alivyompangia, na damu yake hupimwa mara kwa mara. Dawa huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, na kichefuchefu huja upesi. Tulipokuta vidonge chini ya godoro, dada yangu alitaka kugomba. Binti akaniambia, "Mamdogo, nimechoka kuwa mgonjwa siku ambayo siumwi." Sikuwa na jibu. Tulimpeleka kwa daktari, akaeleza mwenyewe, ukatafutwa mpango wa kupunguza kichefuchefu.

Macho nayo yapimwe, hata kama hayawashi wala hayajawa mekundu. Yabisi hii inaweza kuleta uvimbe ndani ya jicho kimyakimya, na ukichelewa kuonekana, uoni unaweza kupotea.

"Nani atamuoa?" Hili alilisikia uani, akiwa dirishani. Ukweli ni kwamba wengi hufika utu uzima ugonjwa ukiwa umetulia, wakaolewa, wakazaa. Methotreksati ndiyo isiyopatana na ujauzito, kwa hiyo binti aambiwe waziwazi, na siku akitaka mtoto daktari huibadilisha mapema.

Kliniki iliyopita alimwomba mama yake amsubiri nje, azungumze na daktari peke yake. Dada yangu alikaa kwenye benchi, mkoba mapajani, macho mlangoni. Binti alipotoka, kadi ya kliniki alikuwa ameishika mwenyewe.